Hijr: Sehemu ya Kaaba Iliyobaki Nje ya Ukuta

 

 

Mwambie mtoto wa madrasa achore Kaaba. Atachora sanduku jeusi, atatia mkanda wa dhahabu na mlango, na akiwa hodari atakuonyesha mahali lilipo Jiwe Jeusi. Mara chache sana utamwona akichora kile kiukuta kifupi kilichopinda kama nusu duara, upande unaoelekea Sham. Na si watoto peke yao. Tumewauliza watu wazima wenye picha ya Kaaba sebuleni kwao, nao wengi wanadhani kile ni kizuizi tu cha kupangia watu. La, siyo hivyo. Ndani ya ukuta ule kuna sehemu ya Kaaba yenyewe. Ni Nyumba ya Allah, ila haina paa wala mlango. Imekuwaje Nyumba tunayoielekea mara tano kwa siku ikawa na kipande kilichobaki nje? Hiyo ndiyo historia tunayotaka kuisimulia leo, na tunawaomba wazazi waisome pamoja na watoto.

Mwanzo wa Nyumba

Qur'ani Tukufu, katika Surat Aal-Imran aya ya 96, inatufahamisha kwamba nyumba ya mwanzo kuwekewa watu kwa ajili ya ibada ni ile iliyoko Bakka, yaani Makka. Na katika Surat al-Baqara aya ya 127 tunaelezwa kwamba Nabii Ibrahim na mwanawe Ismail (A.S.) waliinyanyua misingi ya Nyumba huku wakimwomba Mola wao awatakabalie. Kisa cha Mama Hajar kuachwa katika bonde lisilo na mimea, mbio zake baina ya Safa na Marwa mara saba, na kuchimbuka kwa maji ya Zamzam, kimepokewa na Ibn Abbas (R.A.) katika Sahih al-Bukhari, na tunaamini kila nyumba ya Kiislamu inakijua. Hatutakirudia hapa. Tunachotaka msomaji akishike ni neno moja: misingi. Ismail alikuwa akileta mawe na baba yake akijenga, na misingi waliyoiweka ilikuwa mirefu kuliko Kaaba tunayoiona leo.

Karne nyingi zikapita. Kabila la Jurhum likaishi pale, kisha Khuzaa, kisha Qusay akawakusanya Maquraishi na kuwaweka Makka. Masanamu yakaingia. Lakini Nyumba ilibaki, na Waarabu waliendelea kuihiji hata walipokuwa wamekwisha kuipotosha dini ya baba yao Ibrahim.

Maquraishi wanajenga upya

Takriban mwaka 605, Mtume wetu (S.A.W.) akiwa na umri wa miaka 35 na bado hajapewa utume, Kaaba ilikuwa katika hali mbaya. Kuta zilikuwa za mawe yaliyopangwa tu, hazina paa, na wezi walikuwa wameingia wakaiba katika hazina yake. Wanahistoria wanataja pia moto uliotokana na mwanamke aliyekuwa akifukiza ubani, na mafuriko ambayo ni kawaida ya bonde la Makka. Wakati huohuo jahazi la Warumi likavunjika kwenye pwani ya Shuayba, karibu na Jedda. Maquraishi wakanunua mbao zake, na wakampata fundi aliyeitwa Baqum.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Kabla ya kuanza, mzee mmoja wao, Abu Wahb wa Bani Makhzum, aliwaambia wasiingize katika ujenzi ule isipokuwa mali safi. Mahari ya kahaba isiingie, fedha ya riba isiingie, wala alichodhulumiwa mtu yeyote kisiingie. Wote wakakubali. Hawa ni washirikina, ndugu zangu! Ni watu waliokuwa wakila riba usiku na mchana na kuwazika binti zao wakiwa hai, lakini walijua vizuri ipi ni halali na ipi ni haramu, na waliona haya kuiweka haramu katika ukuta wa Nyumba ya Allah. Siku hizi tunaitisha michango ya msikiti na anayetoa fungu kubwa hupigiwa takbira bila ya kuulizwa neno.

Wakabomoa. Aliyeanza kupiga sururu ni al-Walid ibn al-Mughira, na wengine wakangoja mpaka kesho yake waone kama atapatwa na balaa. Walipomwona mzima wakaingia kazini, kila ukoo na upande wake. Mtume (S.A.W.) naye alibeba mawe pamoja nao. Kisha ikaonekana kwamba ile mali safi haitoshi. Makka ilikuwa mji wa matajiri, wenye misafara ya kwenda Sham na Yemen, lakini ilipotengwa riba na dhulma, kilichobaki hakikuweza kukamilisha kuta nne. Hapo wakaufupisha upande wa Sham, wakaacha nje sehemu ya misingi ya Ibrahim (A.S.), kisha wakaizungushia kiukuta ili ijulikane kuwa ni katika Nyumba. Sehemu hiyo ndiyo Hijr.

Waliongeza mambo mengine pia. Waliezeka paa na kuweka mfereji wa kutoa maji ya mvua, ambao mpaka leo humwaga ndani ya Hijr. Na mlango, ambao ulikuwa sawa na ardhi, wakaunyanyua juu. Mtume (S.A.W.) alikuja kumweleza Bibi Aisha (R.A.) sababu yake: walitaka wamwingize wanayemtaka na wamzuie wasiyemtaka. Katika mapokezi ya Imam Muslim imeelezwa kwamba mtu wasiyemtaka walimwacha apande mpaka akikaribia kuingia, kisha wakamsukuma akaanguka.

Ugomvi wa kuweka Jiwe Jeusi unajulikana na watoto wetu wote, tutaupita haraka. Bani Abdid-Dar walileta bakuli la damu wakachovya mikono pamoja na Bani Adiy, wakaapa kupigana hadi kufa. Siku nne au tano zikapita hivyo. Mwisho Abu Umayya ibn al-Mughira akashauri ahukumu wa kwanza atakayeingia kutoka mlangoni, na aliyeingia alikuwa Muhammad, al-Amin. Akatandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, kila ukoo ukashika upande, na yeye akaliweka mahali pake kwa mkono wake mtukufu.

Neno alilomwambia Bibi Aisha

Makka ilipofunguliwa mwezi wa Ramadhani mwaka wa 8 Hijria (630), Mtume (S.A.W.) alikuwa na uwezo kamili juu ya Nyumba. Masanamu 360 yaliyoizunguka aliyaangusha siku ileile, hakungoja hata saa moja. Akaingia ndani pamoja na Bilal, Usama na Uthman ibn Talha, akaswali, kisha ufunguo akaurudisha kwa Uthman, na ukoo wake, Bani Shayba, ndio wanaoushika hadi leo.

Lakini kuta hakuzigusa. Bibi Aisha alimuuliza kuhusu ule ukuta, je, ni katika Nyumba? Akamjibu ndiyo. Akauliza kwa nini basi hawakuuingiza. Akamweleza kwamba matumizi yaliwapungukia. Kisha akamwambia lililokuwa moyoni mwake, na Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim kwa njia nyingi: lau si watu wake kuwa bado karibu na ujahili, na kuchelea nyoyo zao zisije zikakataa, angeibomoa Kaaba akairudisha juu ya misingi ya Ibrahim, akaliingiza lile lililotolewa, akaushusha mlango mpaka ardhini, na akafanya milango miwili, mmoja mashariki wa kuingilia na mmoja magharibi wa kutokea.

Tulitafakari sana jambo hili. Alijua lililo sahihi. Alikuwa na amri, na jeshi lilikuwa naye. Wala halikuwa jambo dogo, maana ni Nyumba ya Allah na misingi ya Khalil wake. Hata hivyo aliiacha kama walivyoijenga washirikina, kwa ajili ya watu wa Makka waliosilimu juzi, ambao wangeona Muhammad amekuja kutuvunjia fahari yetu. Na msitoe hapa hoja ya kunyamazia kila kitu. Masanamu hayakungojewa, kwa sababu masanamu ni shirki. Ukuta mfupi si shirki, na Swala ya anayeielekea ni sahihi. Ndipo tofauti ilipo. Katika miji yetu tumeona jamaa ya msikiti mmoja ikigawanyika mara mbili, ndugu hawaamkiani, kwa mambo ambayo hayafikii hata robo ya uzito wa misingi ya Kaaba. Kila upande una kitabu chake mkononi, na huenda upande mmoja uko sahihi kabisa.

Kuna alama ya jambo hili ambayo kila Haji huifanya bila ya kujua. Kwa nini katika twawafu tunagusa nguzo mbili tu, ile ya Jiwe Jeusi na ile ya Yemen, na zile mbili za upande wa Sham tunaziacha? Abdullah ibn Umar (R.A.), alipoisikia Hadithi ya Bibi Aisha, alisema haoni sababu ya Mtume (S.A.W.) kuziacha nguzo hizo mbili ila kwamba Nyumba haikukamilishwa juu ya misingi ya Ibrahim. Yaani zile si pembe za kweli. Pembe za kweli ziko ndani ya Hijr, chini ya marumaru.

Ibn Zubayr anaijenga, Hajjaj anaibomoa

Bibi Aisha aliisimulia Hadithi hiyo kwa mtoto wa dada yake, Abdullah ibn Zubayr (R.A.), naye hakuisahau. Mwaka wa 64 Hijria (683), alipokuwa akiitawala Makka, jeshi la Yazid lilimzingira na Kaaba ikashika moto. Jiwe Jeusi likapasuka, na Ibn Zubayr akalifunga kwa fedha. Vita vilipokwisha aliwataka watu ushauri: aibomoe aijenge upya, au atengeneze palipoharibika tu?

Ibn Abbas (R.A.) alimshauri atengeneze tu, aiache Nyumba ambayo watu wamesilimu ikiwa katika hali ile, na mawe ambayo Mtume ametumwa yakiwa pale. Ibn Zubayr akajibu kwamba mmoja wao nyumba yake ikiungua haridhiki mpaka aifanye mpya, itakuwaje Nyumba ya Mola wao? Akamtaka Allah shauri siku tatu, kisha akaazimia. Watu wakaogopa kuanza, wakichelea adhabu isishuke kutoka mbinguni. Mtu mmoja akapanda akatupa jiwe chini, walipomwona hakupatwa na kitu wakamfuata, mpaka wakafika chini. Ibn Zubayr akasimamisha nguzo akazitundikia pazia ili watu wapate pa kuelekea katika Swala.

Akachimba upande wa Hijr mpaka misingi ya zamani ikadhihiri, na watu wakaitazama kwa macho yao. Akajenga juu yake. Aliongeza kiasi cha dhiraa tano upande wa Hijr kwa mapokezi ya Muslim, na mapokezi mengine yanataja sita au karibu na saba. Urefu wa kwenda juu ulikuwa dhiraa 18, akaona umekuwa mfupi kwa upana mpya, akazidisha dhiraa 10. Akaweka milango miwili iliyo sawa na ardhi. Hoja yake ilikuwa wazi: Mtume (S.A.W.) alizuiliwa na mambo mawili, uchanga wa watu katika Uislamu na uchache wa mali. Yeye ana mali, na hawaogopi watu.

Kwa miaka michache Waislamu waliiona Kaaba kama Mtume wao alivyotamani iwe.

Mwaka wa 73 Hijria (692) al-Hajjaj ibn Yusuf aliizingira Makka kwa amri ya Khalifa Abdulmalik ibn Marwan. Ibn Zubayr akauawa. Mama yake, Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), mzee aliyepofuka, alimhimiza asijisalimishe kama anajua yuko katika haki. Hajjaj akamwandikia Khalifa kuhusu jengo la Ibn Zubayr. Jibu likaja: kilichozidishwa kwenda juu kiache, kilichozidishwa upande wa Hijr kitoe, na mlango aliofungua uuzibe. Ukuta ukarudi ulipokuwa wakati wa Maquraishi.

Baadaye al-Harith ibn Abdillah alimthibitishia Abdulmalik kwamba yeye mwenyewe ameisikia Hadithi ile kutoka kwa Bibi Aisha. Khalifa akakaa akikwaruza ardhi kwa bakora yake, kisha akasema anatamani angelimwachia Ibn Zubayr alichokibeba. Haya yamo katika Sahih Muslim. Alichukua hatua kabla ya kuuliza, na mtu aliyeijua Hadithi vizuri alikuwa amekwisha kumuua.

Imam Malik anafunga mlango

Zikaja zama za Bani Abbas. Mmoja wa makhalifa wao, na wengi wanamtaja Harun Rashid, alitaka kuirudisha Kaaba katika jengo la Ibn Zubayr. Alimuuliza Imam Malik ibn Anas (Allah amrehemu), mwanachuoni wa Madina. Mngedhani Imam angefurahi, kwani Hadithi ni sahihi na khalifa yuko tayari. Alimwomba kwa jina la Allah asifanye hivyo, Nyumba isije ikawa mchezo wa wafalme, kila mmoja akitaka abomoe na ajenge, mpaka haiba yake iondoke katika nyoyo za watu. Khalifa akaacha. Kwa maoni yetu fatwa hii ni katika zilizo na faida kubwa kabisa katika historia ya Umma. Hebu fikirini falme zote zilizopita Makka tangu siku ile, na kila moja ingekuwa na Kaaba yake.

Misiba mingine haikukosekana. Mwaka wa 317 Hijria (930) Maqaramita wakiongozwa na Abu Tahir waliwaua mahujaji ndani ya Haram na kuling'oa Jiwe Jeusi, likakaa kwao miaka 22 na kurudishwa mwaka wa 339 (951). Na mwezi wa Shaabani mwaka wa 1039 Hijria (1630) mvua kubwa ilinyesha Makka, maji yakaingia katika Haram na kuta za Kaaba zikaanguka. Sultani Murad wa Nne wa Uthmaniya akaijenga, na kazi ikamalizika mwaka uliofuata. Hapo palikuwa na fursa tena ya kuongeza Hijr, kwani kuta zilikuwa chini tayari. Haikuongezwa. Kaaba tunayoiona leo ni jengo hilo la Sultani Murad, kwenye kipimo kilekile cha Maquraishi, ikiwa na kimo cha mita 13 hivi na mlango ulio juu ya ardhi mita 2 na zaidi. Mwaka 1996 ilifanyiwa matengenezo makubwa, paa na nguzo za ndani zikabadilishwa, kuta zikabaki mahali pake.

Mambo ya kujua kwa anayekwenda Hija au Umra

Jina lake katika Hadithi ni Hijr, au al-Jadr. Ibn Abbas aliwakataza watu wasiiite al-Hatim, kwa kuwa hilo lilikuwa jina la zama za ujahili. Watu wengi huiita Hijr Ismail, na husimuliwa kwamba Ismail na mama yake wamezikwa pale. Hilo limo katika vitabu vya historia lakini halina Hadithi sahihi, basi msiwafundishe watoto kama jambo la yakini. Vilevile si eneo lote la ndani ya ukuta ni Kaaba. Lililothibiti ni zile dhiraa sita au karibu na saba, yaani takriban mita 3 kutoka ukuta wa Kaaba, na kilichobaki ni nyongeza.

Twawafu lazima ipite nje ya ukuta wote. Kuna nafasi mbili za kuingilia, kila upande moja, na wakati wa msongamano mtu huvutika kupita humo ili afupishe njia. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata katika nchi hizi, na kwa wanachuoni walio wengi, mzunguko huo haukusihi, kwa sababu hakuizunguka Nyumba bali amepita ndani yake. Ni lazima aurudie. Wazee wetu wanaokwenda kwa vikundi waelezwe jambo hili kabla ya kusafiri, wasije wakarudi nyumbani na twawafu pungufu.

Jambo la mwisho. Bibi Aisha alikuwa akitamani kuingia ndani ya Kaaba aswali. Mtume (S.A.W.) akamshika mkono, akamwingiza katika Hijr, akamwambia aswali humo atakapo kuingia katika Nyumba, kwani ni kipande cha Nyumba, na watu wake ndio waliokitoa walipoijenga. Mlango wa Kaaba leo una ufunguo, na wanaoingia ni wageni wachache walioalikwa. Lakini mama wa Bujumbura au Kigali aliyeuza maandazi miaka kumi ili apate nauli ya Hija anaweza kuswali rakaa mbili za sunna ndani ya Nyumba ya Allah. Amalize twawafu yake kwanza, aulize utaratibu na muda wa kuingia siku hiyo kwa wasimamizi wa Haram, asisukumane na watu, na akishaingia asogee karibu na ukuta wa Kaaba, chini ya mfereji.